Mfiwa ni nani? Kisa cha kifo cha Poussey

Shangazi hakuwa akitazama. Alikuwa amekaa nyuma yetu na ungo wake, anachagua mchele wa daku, akisikiliza kwa sikio moja Kiingereza kilichokuwa kikitoka kwenye laptopu. Mara akainua uso.

"Mbona wamemwacha sakafuni?"

Binamu yangu, macho yamemvimba, akamjibu kwamba ni sinema tu.

"Najua ni sinema. Nauliza hao waliomo humo wanangoja nini. Maiti haisubirishwi."

Tulikuwa Tanga, siku za mwisho za Ramadhani ya mwaka 2016. Aliyelala sakafuni alikuwa Poussey Washington, mfungwa wa jela ya wanawake ya Litchfield katika tamthilia ya Orange Is the New Black. Msimu wa nne ulikuwa umetoka Netflix Ijumaa ya tarehe 17 Juni. Netflix yenyewe ilikuwa imefunguliwa kwetu Januari ya mwaka uleule, ila sisi tuliupata msimu kwa njia ya wengi: kijana wa kibanda cha muvi alitujazia flashi, sehemu zote 13, na tukazitazama usiku baada ya tarawehe. Wakati sisi tunafika sehemu ya 12, Marekani walikuwa wameshalia, wameshafuta machozi, na wameshaanza kugombana. Ugomvi huo ndio uliofanya nikirudie kisa hiki kila mtu anaponiambia kwamba tamthilia fulani "ilimliza", kana kwamba kulia ni kitu kimoja.

Kwa asiyeijua: tamthilia ilianza Julai 2013, mtunzi wake Jenji Kohan, ikitokana na kitabu cha kumbukumbu cha Piper Kerman, mwanamke wa Kizungu aliyepata kufungwa kweli. Kohan alikiri waziwazi mapema kabisa kwamba mhusika yule Mzungu alikuwa farasi wake wa Troya, yule farasi wa mti wa hadithi za Wayunani aliyeingizwa mjini na askari wamefichwa tumboni. Angeenda kwa wenye fedha kuuza hadithi za wanawake weusi, Walatino na vikongwe, asingesikilizwa. Akamtanguliza binti wa kizungu wa watu wenye nafasi zao, kisha akawaingiza wengine nyuma yake. Ilifanya kazi. Kufikia msimu wa nne, kila mtu niliyemjua alikuwa anatazama kwa ajili ya waliotoka ndani ya farasi. Farasi mwenyewe alikuwa anatuchosha.

Na katika hao, Poussey ndiye aliyependwa bila ubishi. Samira Wiley alimcheza kwa uso ambao haukuweza kuficha kitu. Binti wa mwanajeshi, aliyewahi kuishi Ujerumani kwenye kambi za jeshi, msomaji, mtu wa maktaba, mpika gongo ya kificho humohumo jela. Jina lake lilikuwa likichekwa, naye alikuwa akieleza kwa kiburi kwamba ni jina la mahali, Ufaransa. Kosa lake lilikuwa kukutwa na bangi kidogo, na kuingia mahali pasiporuhusiwa. Kumbuka makosa hayo mawili, nitayarudia.

Yeye na Taystee, mfungwa mwenzake na rafiki yake wa damu, aliyechezwa na Danielle Brooks, walikuwa na mchezo wao wa kuiga mazungumzo ya mabinti wa kizungu wenye pesa, sauti zimepanda puani. Watazamaji wengi walianza kumpenda hapo. Nami pia. Msimu wa nne ukampa mpenzi, Soso, na ukampa ahadi ya kazi akitoka. Mtazamaji mzoefu angeshtuka palepale: katika tamthilia, mfungwa akianza kupanga maisha ya uraiani, ujue kuna mtu anamchimbia kaburi. Binamu yangu alisema hivyo kwa utani kwenye sehemu ya nane au ya tisa. Hakucheka baadaye.

Sasa tukio lenyewe. Jela imeshanunuliwa na kampuni, vitanda vimeongezwa, na askari wapya ni watu waliotoka vitani, wanaowachukulia wafungwa kama adui waliomteka. Wafungwa wanachoka. Kwenye bwalo, mmoja anapanda juu ya meza na kusimama kimya, wa pili anapanda, wa tatu, mpaka bwalo zima limesimama juu ya meza, weusi kwa weupe kwa Walatino ambao msimu mzima walikuwa hawapatani. Hawana silaha wala hawatukani. Wanataka mkuu wa askari, Piscatella, aondoke. Askari wanaanza kuwateremsha kwa nguvu. Suzanne, ambaye akili yake haivumilii kelele na kushikwashikwa, anapandwa na wasiwasi. Poussey anataka kumtuliza. Askari kijana, Baxter Bayley, anamdaka Poussey, anamlaza kifudifudi, anamkandamiza, huku Suzanne akimpiga yeye mgongoni. Bayley anahangaika na aliye juu. Aliye chini amemsahau. Kamera haijamsahau: tunaona mwili mdogo chini ya mwili mkubwa, mkono unatapatapa, pumzi inatafutwa. Halafu mkono unatulia, na bwalo linaendelea na fujo zake kwa sekunde kadhaa kabla ya mtu yeyote kugundua. Kisha Taystee anafika na kujilaza sakafuni kando ya mwenzake.

Hakuna muziki wa kukuandaa. Nimewahi kusikia watu wakisema hawakuelewa kwamba amekufa, wakarudisha nyuma. Binamu alirudisha nyuma.

Machozi yale hayakutoka kwenye tukio peke yake. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu urafiki wa upande mmoja ambao mtazamaji huujenga na mtu wa kwenye skrini: unamjua, hakujui, lakini moyo hauhesabu hivyo. Wao walikuwa wanazungumzia watangazaji wa enzi ya televisheni changa, waliokuja sebuleni kwako mara moja kwa wiki. Poussey alikuja kwa misimu minne, na kila msimu ulimwagwa wote kwa siku moja. Kuna watu waliokaa naye Ijumaa usiku, Jumamosi kutwa, wakala naye, wakasinzia naye, akafa Jumapili alfajiri. Hapo unampoteza mtu aliyeshinda kwako, na Jumatatu unaamka kwenda kazini huku huna wa kumpa taarifa. Huwezi kuomba ruhusa ya msiba. Hakuna matanga, hakuna khitma, hakuna wa kukushika mkono akakwambia pole. Nadhani ndiyo maana walikimbilia mitandaoni kwa wingi ule: walikuwa wanatafuta pa kuweka matanga.

Lakini walipofika huko walikuta wengine wamekaa, na hawakuwa wanalia namna yao.

Kwa Wamarekani weusi, na hasa wanawake, sehemu ya 12 haikuwa na jambo jipya hata moja. Julai 2014 Eric Garner alikufa huko Staten Island baada ya askari kumkaba shingo, akisema mara 11 kwamba hawezi kupumua, na video ikazunguka dunia. Mwezi uliofuata, mjini Ferguson, mwili wa Michael Brown, kijana mweusi aliyepigwa risasi na polisi, uliachwa barabarani kwa muda wa saa nne hivi, jua linawaka, majirani wanaangalia. Julai 2015 Sandra Bland alikutwa amekufa ndani ya mahabusu huko Texas, siku tatu baada ya kukamatwa kwa kosa la barabarani. Waandishi wa tamthilia walichukua pumzi ya Garner, wakachukua saa za Brown, wakavitia kwenye mwili wa mhusika anayependwa kuliko wote. Aliyekuwa hajui akajifunza. Anayejua akafunguliwa kidonda sebuleni kwake, siku yake ya mapumziko, na mtu ambaye alidhani amekuja kumchekesha.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Malalamiko yao yote, ukiyachuja, yanaangukia hapo. Walisema msiba ni wao, lakini mkeka wa mbele umetandikiwa wageni. Walisema kifo kile kimepangwa ili Mzungu mwenye moyo mwema alie, ajione ameelewa, alale vizuri. Wengine wakaenda mbali zaidi na kuuliza nani alikuwa kwenye chumba cha waandishi, na wakalalamika kwamba hapakuwa na mwandishi mweusi mezani wakati Poussey anauawa. Wengine waliapa kutotazama tena. Sijui wangapi walitimiza kiapo. Mimi nimeapa mara tatu kuacha tamthilia za Kituruki.

Palikuwa na wafiwa wa pili, na hawa nitawapitia kwa kifupi kwa kuwa wana kesi yao yenyewe. Poussey alikuwa msagaji, na mwaka ule wahusika wa namna yake walikuwa wanakufa kwa zamu kwenye televisheni za Marekani. Machi, tamthilia ya The 100 ilikuwa imemuua Lexa kwa risasi iliyokosa njia, na mashabiki wakachachamaa hadi wakachangisha fedha za shirika linalosaidia vijana wanaofikiria kujiua. Halafu tarehe 12 Juni mtu mwenye bunduki akaua watu 49 kwenye Pulse, klabu ya mashoga na wasagaji huko Orlando. Siku tano baadaye, msimu wa nne ukatoka. Netflix haikupanga hivyo, bila shaka. Ila mtazamaji hatazami kwa kalenda ya mtayarishaji.

Lililonifanya niandike kirefu, hata hivyo, ni askari Bayley.

Tamthilia hii iliishi kwa mbinu rejeshi, ileile tuliyokaririshwa kwenye fasihi. Kila sehemu inamchukua mtu mmoja na kutupeleka maisha yake ya nyuma, nje ya jela. Humo, mbinu rejeshi ni sarafu ya huruma: ukipewa, umeshasamehewa nusu. Sasa jiulize, sehemu ya 12, sehemu ambayo Poussey anauawa, ilimrudisha nani nyuma? Bayley. Tunamwona kijana wa mji uleule, anauza aiskrimu, ana marafiki wapumbavu kama marafiki wa ujana wote walivyo. Tunamwona amepanda mnara wa tangi la maji na wenzake, wanavuta bangi. Polisi wanawakamata. Polisi wanawatisha kidogo, wanawaachia, waende makwao.

Bangi, na kuingia pasiporuhusiwa. Makosa yaleyale mawili. Yule aliambiwa aende nyumbani, akakua, akapewa sare. Huyu alipewa kifungo.

Nakiri kwamba mara ya kwanza sikuliona hilo. Nililiona mara ya pili, na nikaona ni uandishi wa hali ya juu sana, pengine ulio bora kuliko yote katika misimu ile. Lakini hebu fikiria umeketi wapi unapoutazama. Ukiwa Mzungu wa mji mdogo, Bayley ni mdogo wako, na unaposhuhudia goti lake mgongoni kwa Poussey unalia kwa ajili ya wote wawili. Ukiwa mama mweusi mwenye mtoto wa umri wa Poussey, umelazimishwa kumjua muuaji kwa dakika arobaini kabla hajaua, na hukuomba kumjua. Binamu yangu, kwa mfano, swali lake la kwanza lilikuwa, "Sasa yule kaka maskini itakuwaje?" Nilimtazama, na yeye alinitazama, na wote tukanyamaza. Maana lilikuwa swali zuri, na lilikuwa swali la mtu wa mbali.

Watetezi wa tamthilia walikuwa na hoja yao, na si ya kubeza. Walisema wangemfanya muuaji kuwa mmoja wa wale askari katili, watazamaji wangepata wa kumchukia na jela yenyewe ingeponyoka. Kijana mpole anapoua kwa uzembe na woga, unalazimika kuuliza nani alimweka pale bila mafunzo, nani alijaza vitanda, nani anapata faida. Ni kweli. Ninachobisha ni kwamba hoja hiyo ilihitaji uthibitisho wa kifo cha mtu, na gharama ya uthibitisho ikalipwa na walewale wanaolipa kila mara. Hata mwandishi wa sehemu hiyo, Lauren Morelli, hakuwa mgeni kwa marehemu, tukisema hivyo: alikuwa mpenzi wa Samira Wiley, na wakaoana Machi 2017. Upendo haukukosekana chumbani. Aliyeanza kilio kwa haki yake ndiye aliyekosekana.

Sehemu ya 13 ni habari nyingine, na hapa naona lawama nyingi zilipitiliza. Hii ndiyo sehemu aliyoikuta Shangazi. Mwili umebaki bwaloni, usiku umepita, na wakubwa hawaruhusu kitu mpaka kampuni ijue iseme nini. Wanakuja watu wa mawasiliano na suti zao, wanapekua maisha ya Poussey wakitafuta picha moja ya kutisha, picha ya kuwaonyesha waandishi wa habari kwamba huyu alikuwa mtu hatari. Hawapati. Kila picha anacheka. Wakikosa cha kumpaka marehemu, wanageukia Bayley wampake yeye. Caputo, mkuu wa jela, anasimama mbele ya kamera, anakataa kumtupa kijana wake, anamtetea kwa maneno ya kibinadamu kabisa, na katika ubinadamu wake wote huo halitaji jina la aliyekufa. Taystee anayasikia. Hasira inayolipuka kwenye korido haikutokana na kifo peke yake. Imewashwa na jina lililorukwa. Nchini mwao kampeni ya kutaja majina ya wanawake weusi waliouawa ilikuwa na takriban mwaka mmoja na nusu wakati huo, na mwenye masikio alisikia.

Kwa maneno mengine, tamthilia ilikuwa inajua. Ilimwonyesha Caputo akifanya kosa lilelile ambalo watazamaji weusi walikuwa wanawatuhumu waandishi: kumhurumia askari mpaka marehemu akasahaulika. Sijui kama ni kujikosoa au ni bahati, na sidhani inafuta la sehemu ya 12, ila nani mwingine alithubutu kuweka kitu kama kile kwenye tamthilia ya kuchekesha?

Kuna na kipande kidogo ambacho sikuona kikizungumzwa vya kutosha. Suzanne, ambaye anajiona ndiye aliyesababisha, anakwenda maktaba, mahali pa Poussey, analala chini na kujirundikia vitabu kifuani, kimoja baada ya kingine, apate kujua ilikuwaje kukosa pumzi. Hapiti mtu kumzuia mpaka hali inakuwa mbaya. Nilipokiona nilifikiria watu wanaorudia video za vifo kwenye simu zao, tena na tena, na kuita kutazama kule mshikamano.

Sehemu inafunga kwa usiku mmoja wa Poussey akiwa huru New York, amepotezana na marafiki, anaokotana na watu wa ajabuajabu mjini, anafurahi. Mwisho anageuka, anaitazama kamera, anakutazama wewe, anatabasamu. Hapo hata waliokuwa na hasira walisema walishindwa kujizuia.

Yaliyofuata kwenye hadithi nitayataja haraka. Msimu wa tano, Juni 2017, ulikuwa siku tatu za maasi yaliyobebwa na Taystee akidai haki ya rafiki yake. Haki haikuja, na yeye ndiye akaishia kubambikiwa kesi ya mauaji. Msimu wa saba na wa mwisho ulitoka tarehe 26 Julai 2019, na humo Taystee anaanzisha mfuko wa kuwakopesha wanawake wanaotoka jela, kwa jina la Poussey. Waliotengeneza tamthilia wakaufungua mfuko huo kweli, nje ya skrini, kwa jina hilohilo, kusaidia mashirika manane yanayoshughulika na wafungwa na sheria za jela. Hivyo jina aliloliruka Caputo likaandikwa kwenye risiti. Wapo wanaoona ni fidia, wapo wanaoona ni matangazo. Mwanamke aliyetoka jela na nauli mkononi sidhani anabishana sana.

Narudi Tanga. Tulimaliza msimu siku chache kabla ya Idi. Shangazi hakuuliza tena kuhusu yule msichana, ila alipokuwa akifunika mchele nilimsikia akisoma kitu kwa sauti ya chini, na sikumuuliza ni kwa ajili ya nani.

Tarehe 5 Julai polisi wa Baton Rouge walimpiga risasi Alton Sterling. Siku iliyofuata, Minnesota, Philando Castile akapigwa risasi ndani ya gari lake, na mpenzi wake aliyekuwa kando yake akarusha mubashara Facebook. Huku kwetu nyumba zilikuwa bado zinanuka vitumbua vya sikukuu. Binamu alinitumia ile video WhatsApp, bila neno.

Sikuifungua. Sehemu ya 12 nilikuwa nimeshaitazama mara mbili.